DMN: jedwali safi, mabano ya kishenzi

Nilikuwa nimejiandaa kuisifu DMN, ule mtindo wa kuandika kanuni za maamuzi ndani ya jedwali ambalo kompyuta inalisoma. Tuliihamia kwenye sacco yetu baada ya kuchoka na Drools, mfumo wa kanuni zinazoandikwa kama programu, na jedwali la DMN kweli linasomeka. Mwenyekiti wa kamati ya mikopo, ambaye programu kwake ni uchawi, aliweka kidole kwenye mstari akasema, "Hapa ndipo tunahakikisha theluthi ya mshahara inabaki." Drools, na ile programu ya Java chini ya kila "then", hakuwahi kuimaliza hata ukurasa.

Sasa sikilizeni. Kanuni yetu ni ya miaka yote: chini ya miezi 6 ya uanachama hupati mkopo, ukifika 6 unapata mara tatu ya akiba yako. Fundi wa waliotuuzia mfumo akaandika < 6 mstari wa kwanza, (6..24] wa pili. Akaja mwalimu mwenye miezi 6 kamili, mtoto yuko nyumbani kwa ajili ya karo. Hakukubaliwa, hakukataliwa. Null, yaani hakuna jibu lolote. Barua ikatoka bila kiasi cha pesa! Kumbe bano la duara linaitupa nje 6, la mraba linaiingiza.

Nikampigia fundi. "Madam, mfumo uko sawa. Ni nyinyi hamjasoma lugha."

Hatujasoma! Nikaisoma hiyo FEEL yao, lugha ya kujazia seli za DMN, usiku huohuo. Bano la mraba likigeuzwa mgongo, ]6..24], nalo linaitupa 6 nje. Mtu mwenye akili zake ataandika >= 6, <= 24, lakini mkato kwenye seli ni "au", basi kila namba duniani inapita. Nani alikaa akaona hii ni lugha ya watu wa mikopo? Hata Excel tuliyoiacha, IF tumboni mwa IF, ilijua >= 6 ni nini. Drools pia, tuseme ukweli.

Ingawa Drools nayo ilitutesa: kanuni mbili zilikuwa zikiamshana bila kikomo, na ile amri ya no-loop haikusaidia kwa sababu inaizuia kanuni kujiamsha yenyewe tu. Huko nyuma sirudi.

Na kuna vihariri vya DMN vinavyokagua mapengo kama lile. Chetu kilinyamaza, kwa hiyo labda ninaigombeza lugha kwa kosa la waliotuuzia.

Nyota mbili. Haya, tatu, kwa sababu ya mwenyekiti. Fundi hana hata moja, na mwalimu bado hajaombwa radhi.