Rangi za batiki kwa uzi wa kufuma: nilizoagiza Mombasa

Wenzangu mnaofuma kwa uzi wa pamba hapa Amu, nazungumzia rangi za unga za batiki zinazopimwa kwa gramu katika duka moja la Mtaa wa Biashara, Mombasa. Unatuma pesa kwa simu, mzigo unapakiwa basi hadi Mokowe, unavuka kwa boti. Pakiti ya gramu 20 nimeipata kwa shilingi 180, magadi ya kiwandani mbali.

Zile za ukili nimeziacha. Kwenye mikeka zinapendeza sana, lakini ukizitia kwenye pamba zinachuja, na mteja akifua mkoba anakurudia na kanzu ya mumewe imeingia wekundu. Hizi za batiki zinashikana na uzi wenyewe, mradi utie magadi, wala huhitaji kuinjika sufuria: maji ya uvuguvugu yatosha. Kwa kicha cha gramu 100, gramu 2 za unga zinatoa rangi ya wastani, 4 iliyokolea. Nyeusi inakula karibu mara mbili ya hapo, kwa hivyo ni ghali.

Damu ya mzee ndiyo iliyonikosha roho. Kicha nilikifunga pande nne kwa kulegeza, maana ukikaza panabaki doa jeupe, nikakiloweka mpaka kikashiba maji ndipo nikakitia beseni. Siku ya pili nikasuuza kwa maji baridi. Ya kwanza yalitoka mekundu kama sharubati ya ubuyu, nikayamwaga, nikarudia, kisha maji ya moto na sabuni, hadi yakatoka meupe kabisa. Uzi ulipokauka kivulini nikaufuta kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Hakikushika hata chembe! Na rangi imeenea sawasawa, ncha hadi ncha.

Maji nayo yana neno. Kisima chetu cha Mkomani ni cha chumvichumvi, na maji magumu huifanya rangi ifubae na ishike mabakamabaka. Mimi natumia ya mvua. Nikiishiwa, dada yangu wa Faza hunipa ya jabia, lile birika la kuwekea maji ya mvua, Mungu ambariki.

Sasa lawama. Feruzi ilitoka hafifu, na hakuna aliyenitanabahisha. Nilipopiga simu, muuzaji akanijibu kwa adabu: "Hiyo, mama, yataka joto zaidi na muda mrefu kuliko wenzake." Nilipofanya hivyo ikakolea vizuri, lakini maneno hayo yalistahili kuandikwa kwenye pakiti tangu mwanzo. Majina ya rangi yameandikwa kwa kalamu ya wino. Mawimbi yakirusha maji botini yanafutika, na samawati na zambarau zikiwa unga huzitambui. Waombeni wawatilie kwenye kopo lenye kifuniko.

Unga ni mwepesi na ukiuvuta unadhuru kifua, basi zimeni feni na mjifunge leso puani. Beseni na kijiko visirudi jikoni. Rangi ukishaichanganya na magadi inapoteza nguvu baada ya saa chache, hivyo changanya ya kazi ya siku hiyo tu. Uzi wa akriliki msiujaribu, hauishiki.

Damu ya mzee nimeshaagiza tena, pamoja na manjano ya kuchanganya na feruzi nipate kijani cha kofia za watoto kabla ya Maulidi.