Nyasi bandia kwenye udongo wa mfinyanzi: nunua msingi kwanza, zulia baadaye

Udongo unaotupa matofali mazuri mabondeni Kampala ndio huohuo unaoharibu nyasi bandia. Haupitishi maji. Mvua za Machi hadi Mei zikianza unalainika na kuvimba. Jua la Januari likiwaka unasinyaa na kupasuka. Zulia lililotandikwa juu yake moja kwa moja hupanda na kushuka nao kila msimu, viungo vinaachana, na maji hutuama chini mpaka yanuke. Niliwahi kuingia kwenye ua wa mgahawa uliotandikwa hivyo wakati wa kiangazi. Kufikia Aprili ulikuwa kama godoro lililoloa, meza za nje hazina mtu.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa chaguo tano hapa chini haufuati uzuri wa sampuli dukani. Nauliza kwanza: hiki kitadumu misimu mingapi ya mvua juu ya mfinyanzi?

Kabla ya kutoa hata shilingi, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache linywe, kisha ulijaze tena. Baada ya saa moja, kama maji hayajashuka hata sentimita moja, usikubali bei yoyote isiyo na bomba la kutoa maji.

Namba moja: nyasi bandia za polithini, nyuzi za urefu wa milimita 30 hadi 35, juu ya kokoto

Kwa hoteli, shule ya chekechea au ua wa ofisi, hili ndilo ningelinunua mimi. Fundi achimbe kama sentimita 20, udongo ukiwa mkavu, kwa sababu mfinyanzi uliolowa ukishindiliwa unageuka uji na baadaye unatitia. Juu ya udongo atandike kitambaa cha jiotekstaili. Mafundi wengi hukiruka hiki ili washushe bei, na hapo ndipo kazi inapoharibika: bila kitambaa, mfinyanzi hupanda taratibu kati ya kokoto hadi msingi wote uzibe. Kisha zije sentimita 15 za kokoto, zishindiliwe kwa mashine tabaka kwa tabaka, na juu yake sentimita 3 za vumbi la mawe. Mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na upande wa chini lilazwe bomba lenye matundu linalopeleka maji kwenye mtaro. Bomba lisilo na mahali pa kumwaga ni hasara tupu.

Piga hesabu mwenyewe. Eneo la mita za mraba 100 linataka mita za ujazo 15 za kokoto zilizokwisha kushindiliwa, kwa hiyo agiza kama 18 au 19. Patana na mwenye lori kwa mita za ujazo, si kwa tripu, maana lori moja la Elf si sawa na jingine. Udongo uliochimbwa nao unataka lori la kuuondoa, na gharama hiyo mara nyingi haimo kwenye karatasi ya bei.

Kwenye udongo mweusi wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, unaopasuka nyufa za kuingiza mkono, kina hicho hakitoshi. Chimba zaidi, urudishie maramu iliyoshindiliwa chini ya kokoto.

Zulia lenyewe uligeuze. Mgongo uwe na matundu ya kupitisha maji, na nyuzi zisitoke ukizivuta kwa vidole. Chagua roli la upana wa mita 4 kuliko la mita 2 kama eneo linaruhusu, kwa kuwa kila kiungo ni mahali pa kuharibika. Viungo vifungwe kwa utepe na gundi ya poliyurethini.

Namba mbili: juu ya zege au pevasi (matofali ya kutandika chini) zilizopo

Kama mbele ya duka pameshamwagwa zege isiyopasuka, umeokoa pesa nyingi. Mwaga ndoo ya maji uone yanakimbilia wapi. Yakituama, rekebisha mteremko kwanza. Ubaya wake ni joto: saa nane mchana nyasi bandia kwenye jua kali huchoma nyayo, na juu ya zege ni mbaya zaidi. Watoto hawafai kuchezea hapo bila kivuli.

Namba tatu: nyasi za uwanja, milimita 50 na zaidi

Za aina hii hujazwa mchanga wa silika na chembe za raba; uwanja wa Phillip Omondi pale Lugogo ni wa nyasi bandia za kuchezea soka. Ukikodisha uwanja wa wachezaji watano kwa saa, zipandishe hadi namba moja. Kwa bustani ya hoteli ni mzigo: zinahitaji kupigwa brashi mara kwa mara, na mvua zetu husomba raba hadi mtaroni. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kuzuia uuzaji wa chembe hizo kwa viwanja kuanzia 2031, kwa sababu ya plastiki inayosambaa kwenye mazingira.

Namba nne: paspalum

Ndiyo, nyasi hai. Pasipokanyagwa sana, mfinyanzi ulioongezwa samadi na mchanga unaikuza vizuri, na haichomi miguu.

Mwisho kabisa: zulia jembamba la milimita 10

Lile la kutandika kwenye hema siku ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba. Libaki hukohuko kwenye hema.

Unapolipa, dai risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda. Kama biashara yako imesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ile asilimia 18 unaweza kuidai. Bei ya msingi na bei ya zulia ziandikwe mbalimbali, na dhamana ya msingi iandikwe pia, kwa sababu dhamana ya kiwandani huhusu rangi na nyuzi, haihusu kutitia. Kisha mwombe fundi akupeleke kwenye kazi yake iliyopitia angalau misimu miwili ya mvua. Nenda asubuhi baada ya mvua ya usiku, ukanyage kwenye viungo na pembeni, usikilize kama maji yanalia chini ya mguu.