Huduma ya kuchapa na kubana vitabu katika steshenari moja ya Tabora mjini

Wiki iliyopita nilipeleka kwenye steshenari moja ya Tabora mjini, iliyo chini ya miembe ya kando ya barabara, kurasa 40 nilizowaandalia wanafunzi wangu kuhusu safari ya kazi ya Jaji Sonia Sotomayor wa Marekani. Uchapaji ulikuwa safi na wino haukupaka mkononi. Kasoro ilikuwa kwenye mpangilio: ukurasa unaoeleza kwamba Rais Clinton alimteua mwaka 1997 kuwa jaji wa rufani wa shirikisho, na kwamba Seneti ilimthibitisha Oktoba 1998 kwa kura 67 dhidi ya 29, ulitangulia ule unaoonyesha kuwa tangu 1992 alikuwa jaji wa mahakama ya chini yake huko New York, kwa uteuzi wa Rais Bush mzazi. Kwa wanafunzi waliozoea utaratibu wetu, ambapo Rais huteua jaji wa rufani baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, bila kura ya Bunge, somo lenyewe lilikuwa tayari gumu, achilia mbali kurasa zilizovurugika. Kijana wa pale alifungua spairo bila kununa, akazipanga upya, na hakudai nyongeza. Nitarudi, ila kurasa nitazitia namba mwenyewe.