TAHADHARI: Jamaa anayeuza turbo za Supra "za chuma" hapa Dar, kanipiga milioni 4.2

Wakuu, nimekaa na hili jambo siku tisa, mke wangu mpaka sasa hajui, kaka ndo kajua jana, na wala siandiki kwa kupenda maana aibu ninayo. Ila kuna watu humu nawajua wanatafuta vitu vya 2JZ, ile injini ya Toyota Supra, kama mimi na huyu mtu bado yupo anapost asubuhi na jioni kama hajafanya kitu. Nimepigwa. Milioni nne na laki mbili, keshi, mkononi, tumesimama wawili na mimi ndo nilikuwa namshukuru.

Turbo za Supra yangu, yaani zile pampu za kusukuma hewa kwenye injini, zilivyonikatikia Chalinze nilishaeleza, sirudii. Toka siku ile gari ipo gereji Chang'ombe chini ya turubai na fundi alisema usirudishe tena za seramiki, tafuta za chuma hata kama itachukua mwaka. Kwa ambaye hajui, JZA80, yaani hizi Supra za turbo mbili, za soko la Japani zilitoka na turbo CT20, feni ya upande wa moto, unakopita moshi wa ekzosi, ni ya seramiki, nyepesi na inaamka haraka, lakini ukipandisha presha inapasuka kama kikombe. Zilizoenda Marekani na Ulaya zilitoka na CT12B, feni ya chuma, na hizo za Marekani ndo zile zenye nguvu ya farasi 320 wakati za Japani zimeandikwa 280. Sasa gari zetu hizi karibu zote zimetoka Japani, kwa hiyo CT12B hapa huipati hata ukeshe Ilala wiki nzima.

Nataka mnielewe kwa nini nilimwamini, kwa sababu najua kuna watu watasema nilikuwa na haraka. Sikuwa na haraka. Tumeongea na huyu mtu wiki tatu. Anajua vitu. Alijua tofauti ya 2JZ ya Toyota Aristo na ya Supra, alijua injekta za mafuta za Japani ni cc 440 kwa dakika na za nje ni 550, alinipigia video kol akasema yupo Sharjah kwenye yadi za spea za Industrial, nyuma naona vipande vya magari vimepangwa na watu wanaongea Kiarabu na Kiurdu. Hakuniomba hata mia ya kianzio. Mimi mwenyewe nilitaka kumtumia akakataa, akasema "kaka mali utaiona kwanza, utaishika, ndo unilipe". Tapeli gani anakataa hela?

Na alikuwa na hesabu. Hapa ndo aliponimaliza. Alinitumia skrinshoti ya mnada wa Yahoo wa Japani, CT12B zote mbili, bei kwa yen, halafu akachukua karatasi ya daftari akaandika kwa kalamu nyekundu: bei ya mnada, kuibadili kuwa shilingi, usafiri mpaka Sharjah, nafasi kwenye kontena mpaka bandarini, ushuru, faida yake laki tatu, jumla milioni 4.8. Akaipiga picha akanitumia. Mimi nikakaa na kikokotoo usiku nikapiga upya, ikaja ileile. Za seramiki nilishaulizia mtaani watu wanataka milioni moja na nusu, kwa hiyo za chuma kuwa mara tatu yake niliona sawa kabisa. Kuna jamaa wa Nairobi alikuwa ananipa kwa milioni tatu, nikamwambia huyu, akanijibu kwa voisi ndefu kabisa, "kuwa makini kaka, mtu akikuuzia CT12B kwa milioni tatu ujue hiyo ni seramiki". Yaani alinitahadharisha na kitu kilekile alichokuja kunifanyia yeye. Jamaa wa Nairobi kama unasoma hapa naomba unisamehe, nilikujibu vibaya.

Siku yenyewe tulikutana Mwenge kwenye sheli saa mbili usiku. Nilitaka mchana, akasema mchana yupo bandarini. Akaja na gari ndogo, nyuma kwenye siti kuna mtoto wa kike wa kama miaka minne amelala na sare za shule. Mimi nilipoona mtoto nililegea, nasema ukweli. Akafungua buti, turbo zipo kwenye kiroba cha unga, zimefungwa na fulana ya zamani, zinanuka dizeli. Nje zinang'aa, zimepigwa rangi ya fedha. Nikamuuliza kwa nini zina rangi, akasema kutu ya chumvi ya baharini. Nikatafuta ile namba ya kiwandani inayoonyesha ni turbo gani, pale inapotakiwa kuwepo pamelainika, nikapitisha kidole nikasikia michirizi midogomidogo chini ya rangi. Nilisikia kabisa kwenye kidole! Nikamwambia mbona hakuna namba, akasema Waarabu wanasaga namba zote za mali ya mnada. Nikakubali.

Nikazungusha feni, inazunguka, nzito kidogo lakini haichezi. Nikataka kuitikisa shafti, ule mhimili wa feni, nione kama imelegea, akanishika mkono taratibu, "ina grisi ya kuhifadhia kaka, usiitikise mpaka fundi aioshe". Nikamuuliza mara ya mwisho, hizi ni za chuma kweli? Akatoa ufunguo wa gari yake akakwangua, krrr, mbele ya tochi ya simu yangu, mstari mweupe unang'aa. "Hicho nini? Si chuma hicho?" Nikasema ndiyo. Nikamshusha laki sita, akajifanya kuumia, akahesabu hela mara mbili, tukapeana mikono.

Ndugu zangu, alikwangua nyumba. Lile ganda la nje linalofunika feni! Nyumba ya turbo ni chuma kwenye zote, CT20 chuma, CT12B chuma, feni ndo hakuigusa, na mimi nilikuwa namulika tochi palepale kwenye ufunguo kama mtoto anayeonyeshwa pipi.

Asubuhi nikampelekea fundi. Akafungua kiwiko cha ekzosi, akamulika ndani, akanyamaza. Halafu akauliza, "mdogo wangu umetoa shilingi ngapi?" Sikumjibu. Feni nyeusi, imefifia, seramiki tupu, na ya kwanza imemeguka ncha mbili. Tulipoziosha ile grisi ikatoka kama asali, shafti ikaanza kucheza mpaka inagonga ukuta. Zote mbili. Fundi anasema hazifai hata kwa ile bei ya seramiki ya milioni moja na nusu, ni chuma chakavu cha kuuza kwa kilo.

Namba yake imezimwa kwangu ila kwa wengine inaita. Namba hiyo ilisajiliwa kwa jina la mwanamke na mimi nililiona hilo jina siku ya tatu nikanyamaza. Na ile skrinshoti nimeirudia jana, ni ya kweli, mnada upo, bei ni ya kweli, hesabu yake yote ni ya kweli. Bei ilikuwa ya haki kabisa ila ya turbo nyingine. Kwa hiyo msijifungie kwenye bei kama mimi, toa ile bomba ya nyuma uone feni kwa macho, mchana, na fundi wako yupo, namba ikiwa imesagwa ondoka, grisi nzito ondoka, na bei ya Japani isikupe imani mpaka uone picha za mnada ni za mali hiyohiyo iliyopo mbele yako, alama kwa alama, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Jina silitaji hapa ila RB ya polisi, namba ya taarifa ya kesi, nimechukua na voisi zake zote nimezihifadhi. Huyu mtu afungwe. Sitaki anirudishie nusu, sitaki "tuyamalize", nataka asimame mahakamani aeleze ile grisi aliweka ya nini. Amekuja na mtoto wake kwenye wizi! Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo toka 2015, itumike basi, sio kila siku tunaambiana pole kaka halafu kesho anampiga mwingine. Na wale mnaomsagia namba kwa grainda mnajijua, mafundi wa hapa mjini wenye kazi hizo ni wa kuhesabika, nanyi ni wezi vilevile.

Jana usiku kapost injekta sita, anasema ni 550 zimetoka Supra ya Uingereza, na karatasi ya hesabu ya kalamu nyekundu ipo palepale kwenye picha. Kama umeshaanza kuongea naye njoo inboksi leo hii kabla hujaenda Mwenge, na kama alishakupiga njoo na ushahidi wako, mpelelezi kasema tukiwa zaidi ya mmoja ni rahisi zaidi.