Soleasi au EDL, uanze na msuli gani wa panya?
Dogo mmoja hapa Tabora kaniuliza, ukitaka kupima msuli wa panya wa maabara unavyotumia sukari uchukue upi, soleasi (msuli wa shavu la mguu) au EDL (extensor digitorum longus, msuli wa mbele unaonyoosha vidole), maana yote iko mguu wa nyuma chini ya goti. Mi nasema soleasi kwanza. Ule mwekundu, umejaa mitokondria (vijitanuru vya nishati ndani ya seli) na mioglobini (protini nyekundu inayoshika oksijeni), ndo unamsimamisha panya muda wote kwa hiyo unachoma mafuta na sukari kwa oksijeni taratibu kama mkaa wa miti yetu ya miombo, na ukiutoa ukautilia insulini unavuta glukosi (sukari ya damu) vizuri kuliko EDL, yani tofauti unaiona. EDL ni nyasi kavu, inawaka ghafla inaisha, inategemea glaikojeni (akiba ya sukari ndani ya msuli) na inamwaga lakteti (mabaki ya sukari iliyovunjwa bila oksijeni). Aliyewahi kukatakata kuku ashaona, paja jeusi kama soleasi, kidari cheupe kama EDL.
Ila kama swali lako ni uchovu wa mbio fupi, EDL ndo yenyewe.
Na jamani chukueni panya wadogo! Msuli mnene ukiutoa ukauweka kwenye chombo cha majimaji ya kupimia, oksijeni haifiki katikati, seli za ndani zinakufa, vipimo vinaharibika na panya kafa bure, hilo linaniuma sana.