Kitambaa cha kukinga jalidi, baada ya misimu mitatu bustanini

Nimekulia Njombe, ambako mwezi Juni na Julai mwenye shamba la viazi huamka alfajiri na wasiwasi wa kukuta majani yamebabuka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, kwa hiyo nilipohamia Des Moines, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, niliamini kwamba jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha umande kuwa barafu, ni adui ninayemfahamu. Usiku mmoja wa Oktoba, katika msimu wangu wa kwanza wa kulima nyuma ya nyumba, uliniondolea imani hiyo. Mchicha, matembele, bamia na nyanya ambazo hazijaiva vilikufa pamoja, na jua lilipopanda bustani nzima ilikuwa imelala chini, nyeusi na laini kama mboga iliyosahauliwa sufuriani. Mwaka uliofuata nilinunua kifurushi cha kitambaa cha kukinga jalidi, nami nimekwisha kukitumia kwa misimu mitatu, muda ambao nadhani unatosha kukitolea maoni.

Kifurushi kilinigharimu dola 48 pamoja na gharama za kuletewa nyumbani. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cheupe chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 9, matao 6 ya nyuzi za kioo, vibanio vya plastiki na pegi 12 za waya zilizokunjwa. Kitambaa chenyewe hakikufumwa. Ni nyuzi za polipropilini, aina ya plastiki, zilizoshikamanishwa kwa joto, na uzito wake ni gramu 50 kwa kila mita ya mraba. Msomaji aliyeko Tanzania ameshaishika malighafi hiyo mara nyingi, kwa kuwa ni ya jamii ileile ya mifuko ya kubebea bidhaa iliyotapakaa madukani baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwezi Juni 2019. Hupitisha maji ya mvua na hewa, na hupitisha takriban nusu ya mwanga wa jua. Vipo vyepesi zaidi, vya gramu 17 au 30, ambavyo hupitisha mwanga mwingi lakini huzuia baridi kidogo tu, na mnunuzi hana budi kuuangalia uzito huo kabla ya kuangalia bei, kwa sababu wauzaji wengi huuandika kwa herufi ndogo kabisa na wengine hawauandiki.

Lawama yangu ya kwanza ni kwa neno walilolitumia kwenye mfuko, yaani “blanketi”. Neno hilo lilinipotosha msimu mzima. Nilivisha kila mche wa nyanya kipande cha kitambaa na kukifunga kamba shinani, kama mtu anayemvalisha mtoto sweta, na asubuhi nikakuta miche imekufa ndani ya sweta zake. Blanketi humfaa binadamu kwa sababu mwili wake hutoa joto, ilhali mche hautoi joto la maana. Joto linalookoa mimea usiku ni lile ambalo udongo umelihifadhi mchana kutwa, na ambalo, anga ikiwa wazi na upepo ukiwa umetulia, hupanda na kupotelea juu. Kazi ya kitambaa ni kulichelewesha joto hilo lisiondoke. Kwa hiyo lazima kishuke mpaka ardhini pande zote, kifunike tuta zima pamoja na udongo wake, na kisiguse majani, kwa kuwa jani lililogusana na kitambaa chenye jalidi huungua palepale lilipoguswa. Aidha, ardhi yenye unyevu huhifadhi joto zaidi kuliko ardhi kavu; nikitarajia jalidi, humwagilia matuta mchana na kufunika kabla jua halijazama, wakati udongo bado una vuguvugu. Nayajua haya yote leo, lakini hayakuandikwa popote kwenye karatasi ya maelekezo, ambayo nusu yake ilikuwa picha ya mwanamke anayetabasamu.

Katika msimu wa pili niliweka vipimajoto viwili, kimoja chini ya kitambaa na kingine nje yake, vyote vikiwa kwenye kimo cha mimea. Usiku wa kwanza wa jalidi, nje kulifika nyuzi 3 za Selsiasi chini ya sifuri, na ndani kukabaki nyuzi 1 juu ya sifuri. Asubuhi kitambaa kilikuwa kimekakamaa kama karatasi ya kufungia sabuni, kikalia kilipokunjuliwa, na chini yake mchicha ulikuwa umesimama ukiwa na matone ya maji kwenye majani, isipokuwa mstari mmoja wa pembeni ulioguswa na kitambaa, ambao ncha zake zilikuwa zimekwisha kugeuka rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa. Wiki tatu baadaye nje kulifika nyuzi 7 chini ya sifuri na ndani kukawa nyuzi 3 chini ya sifuri. Mchicha na bamia vilikufa, lakini sukuma wiki haikutetereka. Kwa hiyo madai yaliyochapwa kwenye mfuko, kwamba kitambaa “hulinda mimea yote” katika nyuzi 7 chini ya sifuri, ni ya kibiashara. Nyuzi 4 ndizo nilizozipata mimi, na si kidogo, mradi mtu ajue anachokilinda.

Ipo tahadhari inayomhusu kila anayetegemea utabiri wa kwenye simu. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa takriban mita 1.5 hadi 2 juu ya ardhi, na usiku wenye nyota nyingi na upepo uliotulia, hewa iliyo karibu na nyasi huwa baridi kuliko hiyo ya juu. Utabiri ukisema nyuzi 2 juu ya sifuri, mimi hufunika, na mara mbili nimeamka nikakuta majani ya nje ya tuta yamepauka kwa jalidi ilhali simu ilikuwa ikisisitiza kwamba hakuna baridi ya kuganda.

Sasa nifikie pegi, ambazo ndizo sehemu mbovu kuliko zote. Ni nyembamba, fupi, na zikiingizwa kwenye udongo wa bustani uliolegezwa kwa samadi hazishiki chochote. Iowa ni nchi tambarare na upepo wake wa mwezi Oktoba haubishi hodi. Usiku mmoja uling’oa pegi zote za upande wa magharibi, ukalibeba lile pazia la mita 9 na kulivusha uzio. Asubuhi jirani yangu, mama mmoja kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye hulima lengalenga (ndivyo wanavyouita mchicha kwao) kwenye kila kipande cha ardhi anachokipata, alinigongea mlango akiwa amelikunja vizuri mkononi. “Ndugu, shuka yako ilikuja kulala kwetu,” alisema, kisha akanionyesha matuta yake mwenyewe, yaliyofunikwa kwa mashuka ya zamani na vitenge viwili vilivyochujuka, vyote vikiwa vimekandamizwa kwa madumu ya maziwa yaliyojazwa maji. Hakuwa ametumia hata senti, na lengalenga yake ilikuwa hai kama mchicha wangu.

Tukio hilo lilinilazimisha kujiuliza kwa dhati kama dola 48 zilikuwa na maana. Kwa usiku mmoja au miwili ya jalidi nyepesi, shuka la kitandani linatosha, tena la pamba zito linaweza kufanya kazi vizuri kuliko kitambaa changu. Tofauti huonekana siku zinazofuata. Shuka huzuia mwanga, hivyo lazima liondolewe kila asubuhi na kurudishwa kila jioni, jambo ambalo mtu anayeingia kazini saa kumi na mbili alfajiri hawezi kulifanya. Likinyeshewa, huwa zito, huvunja miche na kuganda. Kitambaa hiki kinaweza kukaa juu ya matao wiki nzima, mvua ikipenya na mwanga wa kiasi ukiingia, bila mtu kukigusa. Ninachokilipia, kwa maneno mengine, ni asubuhi zangu. Karatasi ya nailoni siipendekezi kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa hupitisha baridi kwenye jani inaloligusa, na siku ya jua la ghafla huipika mimea iliyokuwa imenusurika.

Faida kubwa zaidi, ambayo sikuitarajia, ni muda. Hapa jalidi ya kwanza mara nyingi huja kama mgeni anayechungulia dirishani na kuondoka: usiku mmoja au miwili ya baridi, kisha wiki mbili za jua na nyuzi 15 au 18 mchana. Aliyefunika huvuna wiki hizo mbili. Msimu uliopita nilichuma matembele hadi mwisho wa Oktoba, na viazi vitamu vyenyewe nikavichimba kwa utulivu badala ya kukimbizana na giza nikiwa na tochi mdomoni. Viazi vitamu havipaswi kusubirishwa sana, kwani udongo ukishuka chini ya takriban nyuzi 13 huanza kuharibika kabla ya kuvunwa. Mimi huvitoa, huviweka karibu na tanuri la kupashia nyumba joto kwa siku 7 hadi 10, mahali penye nyuzi karibu 28 na unyevu, ili majeraha ya jembe yafunge na utamu uongezeke, ndipo huvihamishia kwenye kabati la ghorofa ya chini ya ardhi. Nyanya sizifuniki tena. Huzivuna zikiwa kijani, mara tu zinapoanza kupauka, na kuziweka kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu moja, kisha naachia hewa ya kuivisha inayotoka kwenye ndizi ifanye kazi yake.

Mahali ambapo kifurushi hiki kimerudisha fedha zake zote ni kwenye sukuma wiki, ambayo maduka ya hapa huiita collard. Mboga hii ikipigwa na baridi mara kadhaa hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na jani la mwezi Novemba lina utamu ambao sijawahi kuupata kwenye jani la Julai. Chini ya kitambaa nimechuma hadi wiki ya pili ya Desemba. Hata hivyo, mnunuzi asidanganyike kwamba atakuwa na shamba linalokua majira yote ya baridi. Kuanzia karibu katikati ya Novemba hadi mwisho wa Januari urefu wa mchana wa Des Moines hauzidi muda wa saa 10, na kwa mwanga huo, uliopunguzwa nusu na kitambaa, mmea hubaki hai lakini haukui. Ni friza iliyo wazi, basi. Ulichokuwa nacho mwanzoni mwa Novemba ndicho utakachokula. Majani mengine nayachovya kwenye maji yanayochemka kwa dakika 3, nayapooza kwenye maji ya barafu na kuyafungasha kwenye friza halisi.

Matao ya nyuzi za kioo yanastahili sifa ya wastani. Hupinda bila kuvunjika na husimama vizuri yakiwa umbali wa mita 1, lakini theluji nzito yenye maji huyalaza, na nilipoyashika bila glavu katika msimu wa tatu yaliniachia vibanzi vidogo vya kioo kwenye viganja kwa siku mbili. Nimeyapaka tabaka mbili za rangi tangu hapo. Vibanio vya plastiki vilianza kupasuka baridi ilipokaza, na vinne tu ndivyo vilivyobaki.

Kitambaa nacho kinazeeka. Jua ndilo linalokila: katika msimu wa tatu nyuzi zilianza kuchomoka na kuning’inia kwenye miiba ya uzio, jambo linalonisumbua kwa kuwa ni plastiki inayoingia kwenye udongo ninaoupa samadi kwa gharama. Kinapaswa kuondolewa mara baridi inapoisha, kikaushwe kabisa na kuhifadhiwa gizani, ndani ya pipa lenye kifuniko. Mwaka mmoja nilikiacha juu ya karoti hadi Machi, na nilipokifunua nikakuta panya wa shambani wamekaa kipupwe kizima humo, wakiwa na chakula na dari, wala hawakuniachia karoti hata moja.

Kwa mwenye matuta mawili au zaidi ya mboga za majani, nashauri anunue kitambaa cha gramu 50 peke yake, kinachouzwa kwa mita, na aachane na kifurushi. Matao atayapata kwa kupinda mabomba membamba ya plastiki ya maji, na badala ya pegi aweke madumu ya maji au mifuko ya mchanga. Mwenye vyungu vitatu barazani aviingize ndani tu. Anayepanda vitunguu saumu mwezi Oktoba hahitaji kitambaa kwa ajili hiyo. Matandazo ya majani makavu ya ngano, yenye kina cha sentimita 10 hadi 15, yanafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kitambaa nakipa alama 4 kati ya 5, na kifurushi kizima 2. Kati ya zile pegi 12 nimebakiwa na 5, nazo zinafaa kushikilia mpira wa kumwagilia usijikunje ninapoukausha kabla ya kuuhifadhi.