ZooBank: Sajili ya Majina ya Wanyama kwa Macho ya Mtafiti wa Utitiri wa Udongoni

ZooBank ni sajili rasmi ya majina ya kisayansi ya wanyama. Iko chini ya Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, hutumika mtandaoni bila malipo, na ilizinduliwa tarehe 1 Januari 2008, miaka 250 tangu mwaka 1758 ambao Kanuni za Tume zinauhesabu kuwa mwanzo wa majina hayo. Nimeitumia kwa ajili ya utitiri wa udongoni wa kundi la oribatida, na ninaipima hapa kwa swali moja: inamfaa kiasi gani mtu anayeamini kwamba amepata jenasi mpya, yaani kundi jipya la spishi zenye undugu wa karibu?

Jibu halieleweki bila kuijua kazi inayotangulia usajili. Udongo na majani yaliyooza huwekwa juu ya wavu ndani ya faneli, taa huwashwa juu yake, na utitiri unaokimbia joto na ukavu huteremka hadi kwenye chupa ya alkoholi iliyo chini. Utitiri mwingi wa kundi hili haufiki urefu wa milimita moja na gamba lake ni la hudhurungi nzito, kwa hiyo huloweshwa katika asidi ya laktiki hadi gamba lipitishe mwanga, kisha hulazwa kwenye slaidi yenye kishimo ambako unaweza kugeuzwa kwa sindano, ili mgongo, tumbo na ubavu vichorwe kimoja baada ya kingine. Hapo ndipo vinyweleo huhesabiwa kwa utaratibu wa Mfaransa François Grandjean, ambamo kila kinyweleo kina herufi zake. Kile cha hisi, kinachochomoza kutoka kwenye kikombe kidogo upande wa mbele wa mgongo, hutazamwa kwa makini kuliko vingine vyote, kwani umbo lake, liwe la uzi, la rungu au la kitana, limetenganisha spishi nyingi na wakati mwingine jenasi nzima. Idadi ya vinyweleo kwenye vibao vya uzazi, idadi ya kucha katika kila mguu, pamoja na maumbile ya lava na nimfu, yaani hatua za utoto wa utitiri, ambazo mara nyingi hazifanani hata kidogo na wazazi wao, vyote huingia katika hoja kwamba tulichonacho si spishi nyingine tu ya jenasi inayojulikana.

ZooBank haiulizi lolote kati ya hayo, na ni vizuri mtumiaji alijue hilo mapema. Fomu huanza na andiko lenyewe, yaani kichwa cha makala, waandishi, jarida na mwaka. Majina mapya huongezwa chini ya andiko hilo, na kila jina hupewa namba yake ya kudumu yenye tarakimu na herufi 32 zilizotenganishwa kwa vistari vinne. Namba ya andiko ni nyingine na namba za majina ni nyingine, na mwandishi makini huziweka zote katika makala, ya jenasi chini ya jenasi na ya spishi chini ya spishi.

Umuhimu wa namba hizo uliongezeka mwaka 2012, Tume iliporekebisha Kanuni na kukubali machapisho ya kielektroniki yasiyo na nakala ya karatasi, mradi yawe yametolewa baada ya mwaka 2011. Masharti yake ni mazito. Andiko lazima liwe limesajiliwa ZooBank kabla ya kuchapishwa, lioneshe ndani yake tarehe ya kuchapishwa na ushahidi wa usajili huo, na rekodi iliyoko kwenye sajili itaje hifadhi ya kudumu, isiyo ya mchapishaji mwenyewe, pamoja na namba ya utambulisho ya jarida (ISSN) au ya kitabu (ISBN). Sharti moja likikosekana, jina halihesabiki kikanuni, hata kama michoro ni ya kiwango cha juu na hoja haina dosari. Majarida mengine, ZooKeys likiwamo, huandikisha kwa niaba ya mwandishi, na huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo namshauri kila mwandishi aifungue rekodi na kuikagua mwenyewe.

Upungufu unaonigusa zaidi unahusu majina ya zamani. Jina la jenasi halipaswi kufanana na la jenasi nyingine yoyote ya mnyama, awe ndege, samaki au mbawakawa, na jina lililotangulia ndilo hushinda. ZooBank inayo sehemu ya kutafuta inayofanya kazi vizuri, lakini haijakusanya majina yote yaliyotolewa kabla ya 2008, wala usajili si wa lazima kwa kazi zinazochapishwa kwenye karatasi. Kwa hiyo ukitafuta jina na kutoliona, hujathibitisha kwamba halijatumika. Orodha nyingine za majina ya jenasi na katalogi za oribatida lazima zipekuliwe pia.

Vivyo hivyo, kukubaliwa kwa rekodi si uthibitisho wa sayansi. Jenasi iliyotangazwa baada ya mwaka 1930 ni lazima iwe na maelezo ya kuitofautisha na nyingine, na iwekewe spishi-kielelezo, yaani spishi moja ambayo jina la jenasi hufungwa kwayo. Jinsia ya kisarufi ya jina nayo ni mzigo wa mwandishi: spishi iitwayo laevigatus ndani ya Scheloribates, jenasi ya oribatida yenye jina la kiume, ingekuwa laevigata ndani ya Galumna, ambayo jina lake ni la kike.

Kwa vyuo vya Afrika Mashariki, ambako misitu kama ya Usambara na Uluguru bado ina utitiri usio na majina, huduma isiyotoza hata senti ina uzito wa pekee, hasa ikitumika pamoja na jarida kama Acarologia ambalo halimtozi mwandishi wala msomaji. Kurasa za ZooBank ni za Kiingereza na mpangilio wake ni mkavu, lakini fomu ni fupi na hujazwa bila shida hata kwa intaneti ya kawaida. Naipa alama 4 kati ya 5. Alama ya tano itapatikana majina ya kale yatakapoingizwa yote, kuanzia Acarus, jenasi ya utitiri iliyopewa jina na Linnaeus mwaka ule wa 1758, hadi jenasi zilizoelezwa mwaka 2007.